Plasta Imeshapita Juu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani ingawa nywele zangu zimeshakuwa nyeupe. Nilikuwa kijana, nimemaliza kidato cha nne, fundi wa umeme katika fleti mpya zilizokuwa zikijengwa Parklands. Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Shisia, mtu wa magharibi aliyepanga chumba Kangemi. Alikuwa mpole, lakini akikuta umepitisha waya vibaya hakugombezi. Anaikata tu, uanze upya.

Mzee Shisia alikuwa amenisihi niende kufanya mtihani wa gredi. Huo ni mtihani wa fundi aliyejifunzia kazi mikononi mwa wenzake. Hurudishwi darasani. Unapewa ubao, waya na swichi, unafanya mbele ya mkaguzi kile unachokifanya kila siku, na ukipita unapewa cheti. Nilikataa. Nilimwambia nyumba nilizoziwekea taa ndizo cheti changu, na sikuona kwa nini mtu wa ofisini anipime kwa kazi ambayo huenda yeye mwenyewe haiwezi. Wenzangu walicheka, nami nikajiona nimesema jambo.

Kulikuwa na kijana aitwaye Kamau, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha hata kushika koleo. Yeye akaenda akafanya mtihani, kimya kimya. Mkandarasi wetu alipopata kazi ya hospitali, alitaka fomeni, msimamizi wa mafundi, mwenye Gredi ya Kwanza, cheti cha juu kabisa cha mtihani ule. Basi siku hiyo ninayokuambia, Kamau alisimama mbele yetu na funguo za stoo mkononi, akagawa kazi. Alipofika kwangu aliangalia chini. "Fundi," akasema, "wewe utasaidia hapa chini."

Jioni nilikwenda Kangemi kumlalamikia Mzee Shisia. Alinisikiliza mpaka chai yake ikapoa.

"Zile waya za Parklands ulizifanya vizuri," akasema. "Lakini plasta imeshapita juu, ukuta umezificha. Nani atajua ni zako? Ulitaka wakusome usoni?"

Niliaga nikaondoka. Na kibaya zaidi, hata baada ya hapo sikwenda kufanya mtihani. Kila mwaka nilisema mwakani, maana sasa kwenda kungekuwa kukubali kwamba Kamau aliona mbali kuliko mimi. Nilistaafu nikiwa bado fundi wa kusaidia. Mkandarasi hakunionea, wala Kamau hakunionea. Nilijifanyia mwenyewe.

Nisingekuchosha na mambo haya ya zamani kama si binti yangu Nyambura. Kwa miaka mingi amefanya utafiti juu ya maji, hasa yale ambayo watu wa Kangemi hununua kwa mitungi, na makala zake zimechapishwa katika majarida ya wataalamu. Lakini shahada ya uzamifu, yaani PhD, hakuwa nayo. Vijana aliowafundisha kuchota sampuli walikwenda kusoma wakarudi wakawa wakubwa wake.

Jumapili moja, nyumbani kwetu Kinoo, baada ya kanisa, alitueleza kwamba chuo kimoja cha mjini hukubali mtu apate uzamifu kwa utafiti aliokwisha kuuchapisha. Unakusanya makala zako, unaandika insha ndefu ya kuonyesha zinavyoshikana na zimeongeza nini katika elimu, kila mliyeandika naye anathibitisha sehemu yako, kisha unajitetea mbele ya watahini. Nami, mbele ya mama yake na shangazi zake, nikasema hiyo ni PhD ya kuunga-unga, daktari wa kweli hukaa darasani. Shangazi mmoja akacheka. Nyambura akaondoa vikombe mezani, na hakulitaja tena jambo hilo siku ile.

Kesho yake nilikuwa napalilia sukuma wiki nilipokumbuka ule ubao na swichi. Nikaacha jembe palepale. Mtihani niliojinyima ujanani, sasa nilikuwa nataka kumnyima mtoto wangu.

Nilikwenda mjini, nikamkuta wakati wa chakula cha mchana, nikamweleza habari za Kamau, ambazo hakuwahi kuzisikia kwangu. Hapo ndipo na yeye aliponiambia kilichokuwa kikimzuia hasa. Makala nyingi aliandika na mkubwa wake wa zamani, Profesa mmoja, na jina la Profesa ndilo lililotangulia. Ilibidi amwombe aseme wazi ni kipi kilichokuwa cha Nyambura.

"Baba, na akikataa? Itakuwa ni kama sikuwahi kufanya kitu."

"Na usipomwuliza?" nikamwambia. "Plasta imeshapita juu, mama. Anayejua waya zako ziko wapi ni wewe na yeye."

Alikwenda. Alipomaliza kueleza ombi lake, Nyambura alishika mkoba aondoke. Profesa akamwambia, "Nimekungoja sana. Nilidhani shahada huitaki." Akathibitisha kila kitu, hata wazo la makala ile inayosifiwa zaidi, kwamba lilitoka kwa Nyambura.

Siku ya kujitetea nilikaa nyuma kabisa, nimevaa suti yangu ya harusi. Kiingereza chao kilinipita mahali pengi, lakini hili nililishika. Mtahini mmoja aliinua makala yenye majina sita, akamwuliza mkono wake uko wapi humo. Nyambura hakubabaika. Alisema sampuli alizichota yeye, vipimo vya maabara vilifanywa na wenzake wawili, akawataja kwa majina, na uchambuzi ulikuwa wake.

"Jedwali la mwisho lina kosa," akaongeza. "Hilo pia ni langu. Nimelieleza kwenye insha."

Watu wakacheka, mtahini naye akacheka. Mimi nilikuwa natafuta leso. Walitutoa nje, wakaturudisha, wakamwita Daktari.

Jioni simu ililia. Alikuwa Kamau, ambaye naye sasa ni mzee wa fimbo. "Fundi, nimesikia," akasema. "Hatimaye kwenu kuna Gredi ya Kwanza."

"Ipo, fomeni," nikamjibu. Nilikuwa sijamwita hivyo maisha yangu yote.

Kwa hiyo, mwanangu, kama umefanya kazi, usione haya kuomba ipimwe, na usimdharau anayepewa cheo kwa kazi iliyokitangulia cheo hicho. Si njia ya mkato hiyo. Ameshaitembea yote, anaomba tu itambuliwe. Ukiulizwa mkono wako uko wapi, uonyeshe. Onyesha na wa wenzako, na kosa lako usilifiche. Na ukichelewa kwa kiburi kama mimi, angalau usimcheleweshe mwingine.

Mungu akujalie watu watakaokumbuka ulichokifanya kabla plasta haijapita, na akujalie kinywa cha kuwakumbuka wao. Nenda salama.