Mkono wa Kulia wa Bibi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, pale Kasingirima, nilimkunja bibi yangu mkono bila kumgusa. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na sikumwambia mtu.

Bibi, mama yake mama, ndiye aliyenilea. Siku hiyo mjomba alikuwa ameteremka kutoka Kalinzi na jogoo, akamchinja mwenyewe. Bibi akamnyonyoa uani, akakata miguu kwenye kiungo na kuitupa kando. Kwenye mkato palichungulia uzi mweupe. Nikauvuta, vidole vya jogoo vikajikunja. Nikauachia, vikalegea. Basi nikamkimbiza binamu yangu Zuhura ua mzima, nikimfinya kwa mguu wa jogoo aliyekufa hadi akalia.

"Tupa hicho," Bibi alisema bila kupandisha sauti. "Ukikunja vidole vya aliyekufa, kuna aliye hai atashindwa kukunjua vyake."

"Nani, Bibi?"

"Hatujui nani. Ndiyo maana unatupa."

Nikatupa. Alipoingia jikoni nikauokota, nikaenda nao nyuma ya choo na kuvuta tena na tena, maana mimi nikikatazwa jambo ndipo mikono inaponiwasha.

Siku ya tatu, Bibi akisonga ugali wa muhogo, mwiko ulimponyoka akaanguka kando ya jiko. Kiharusi. Alirudi kutoka hospitali akiwa hai, lakini maneno yalikuwa yamebaki machache, na mkono wa kulia umefumba ngumi. Kila asubuhi mama mkubwa alimkanda kwa mawese, akivikunjua vidole kimoja kimoja. Akiviachia tu, vinarudi. Nilitazama nikiwa mlangoni, nisithubutu kuingia, kwa sababu nilishaviona vidole vikifanya hivyo.

Siku hizi kazi yangu ni kuwanyoosha viungo wagonjwa wa namna hiyo. Huwaeleza ndugu zao kwamba ndani ya kidole hakuna msuli wa kukikunja. Msuli huo uko juu, chini kidogo ya kiwiko, umeshikamana na mfupa. Mwisho wake huwa kano, kamba nyeupe ngumu inayopita kwenye kifundo cha mkono na kujishikiza kwenye mfupa wa kidole. Msuli ukijikaza hufupika, kano huvuta, kidole hukunjika. Msuli unajua kuvuta tu, kusukuma haujui. Ili kidole kikunjuke, wa upande wa pili lazima uvute, na huu wa kwanza ukubali kulegea. Wa Bibi haukukubali, kwa kuwa ubongo uliokuwa ukiutuma ulikuwa umeumia.

Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba ni mimi. Nilikuwa kipenzi chake, nikilala kitandani kwake, lakini nikahamia kwa Zuhura. Bibi akiniona, alijikakamua na kuniinulia ile ngumi. "Mwana wanje," alisema, yaani mwanangu, kwa Kiha chake, katika yale maneno machache. Nami nilidai ninakwenda kuchota maji, hata kama mitungi imejaa. Nilidhani ananishtaki. Hata darasani niliihisi ile ngumi nyuma ya shingo, na nikageuka mara nyingi kuangalia.

Miaka sita ilipita hivyo.

Alipofariki, niliitwa kumimina maji wakati wa kumwosha. Mama mkubwa aliushika mkono wa kulia, akajiandaa kuulazimisha kama kawaida yake. Haikuhitajika. Vidole vilifunguka taratibu, vikatulia. Leo ningesema msuli usiotumwa tena na chochote hulegea. Siku ile niliruka nyuma, maji yakamwagika.

"Ushike," mama mkubwa aliniambia.

"Naogopa."

"Unaogopa nini? Alikuwa akikunyooshea mkono umkande. Kila siku anakutaka wewe, mimi ananivumilia tu. Wewe unakimbia."

Nikaushika. Ulikuwa na joto kidogo bado. Kiganjani kulikuwa na alama nne za kucha, na ngozi yake ilikuwa laini, kwani ilikaa muda mrefu bila kushika kitu.

Vitabu na kazi vimenihakikishia kwamba si mimi niliyeufumba ule mkono. Nimekanda mingi mingine tangu hapo. Wa Bibi nilinyooshewa miaka sita, na sikuupokea.