Selo Iliyonyamaza

Eufrazia alilinda selo za wanawake gereza la Kingolwira mpaka akastaafu, na selo yenye kelele haikuwahi kumsumbua. Wafungwa wakigombana, wakigongeana ukuta, wakisengenyana, yeye alikunywa chai yake kwa amani. Selo ikinyamaza, aliinuka. Humo kuna mtu anachimba.

Kwa hiyo Daktari Shukuru alipomwamkia shikamoo na kumweleza kwamba shida imeanzia kwenye seli za titi, Eufrazia alisikia la kwake.

"Selo?"

"Seli, mama. Chembe za mwili. Zimepakana, na katikati kuna vitundu vya protini zinamopitishia habari. Seli ikiharibika huambiwa ijifie, nayo hutii, wenzake wapone. Saratani mara nyingi huvuruga mawasiliano hayo. Haisikii la mtu, na kufa haifi."

"Basi ni selo," alisema Eufrazia.

Daktari hakubishana. Alisema tu kwamba kazi ingekuwa nyepesi kama wangeanza Machi, majibu yalipotoka.

"Yalitoka Machi?"

"Si aliyachukua mdogo wako?"

Eufrazia akageuza shingo. Juliana, ndugu yake wa ziwa moja, anayeishi naye vyumba viwili vilivyopakana, alikuwa akisoma bango la chanjo ya watoto kama mwenye mtihani kesho. Machi hiyo alirudi kutoka hospitali akishangilia: "Majibu safi, dada! Ni maziwa yameganda tu." Dada alikuwa amepita sitini, maziwa hayo yametoka wapi, hakuuliza. Tangu hapo akanyweshwa majani ya dawa kutoka Matombo, machungu kama hukumu, na Juliana, kasuku wa nyumba, akapungua maneno. Askari mzima akadhani mdogo wake hatimaye amekua.

"Niliogopa, dada. Mama walimpasua, hakurudi."

"Ukaona mimi nimfuate bila kupasuliwa."

Upasuaji aliukubali. Muuguzi alipouliza ni ndugu gani atakayemuuguza, akataja jirani.

Jioni Juliana alisimama mlangoni pa wodi na chupa ya uji.

"Hodi, dada."

Eufrazia alivuta shuka.

"Hodi jamani."

"Wageni ni Jumapili," alisema Eufrazia, akageukia ukuta.

Juliana akaketi palepale nje, chupa mapajani. Muuguzi akaja kufunga mlango.

"Uache wazi," alisema Eufrazia bila kugeuka. "Huyo akinyamaza, lazima nimsikilize."