Godoro Ndani ya Gari la Spoti

Wivu umeniaibisha, nakiri. Biashara ya pamba iliporuhusiwa kwa watu binafsi, mimi na Masanja tukawa wanunuzi hapa Bariadi. Yeye alinunua pikapu, mimi nikanunua gari la spoti la milango miwili. Juzi mke wangu, Kabula, alinunua godoro kubwa, akasema Masanja atalibeba.

"Masanja kila siku! Gari langu linatosha."

Nikalikunja godoro, nikalifunga kamba, nikalisukumia ndani. Tulipofika sokoni kamba ikakatika. Godoro likakunjuka, likanigandamiza kwenye usukani, honi ikalia mfululizo mpaka watu wakajaa. Aliyenichomoa ni Masanja.

"Ulikuwa unagombea nini, Baba Kulwa?" Kabula akauliza mbele ya wote. "Godoro ni zawadi yake ya harusi. Anamwoa mdogo wangu."