Pa Kuweka Miguu

Juzi nilipita Mutakura kununua mchele, na mbele ya karakana moja fundi alikuwa akibandua rangi ya zamani kwenye mlango wa gari. Harufu ya ile dawa ya kubandulia ilinipanda puani, kali na chachu, imechanganyika na petroli. Nilisimama pale na mfuko wangu mkononi mpaka fundi akaniuliza kama nina shida. Nikamwambia sina. Ningemwelezaje kwamba hiyo ndiyo harufu ya nyumba yetu ya Ngagara, mwaka ule baba alipoamua kumtengeneza upya marehemu babu?

Nimesema babu, nanyi mtanisamehe. Baba alikuwa akitengeneza pikipiki ya babu. Lakini pale nyumbani vitu hivyo viwili vilikuwa karibu kimoja.

Babu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na pikipiki ile aliinunua ikiwa mpya kabisa, zamani sana, akiwa kijana. Aliiendesha mpaka uzee ukamshusha. Mimi niliikuta ikiwa ya kijani, kijani kilekile cha milango yetu, kwa sababu babu alipopaka milango rangi ilibaki, na babu hakuwa mtu wa kutupa kitu. Kiti chake kilishonwa kwa turubai. Taa ya mbele ilitoka kwenye pikipiki nyingine, na nyuma kulikuwa na vyuma alivyoviongeza mwenyewe mwaka hadi mwaka, kila kimoja kwa sababu yake. Alipofariki, iliegemezwa ukuta wa jikoni, na kuku wakaanza kulala juu yake.

Baba, aliyekuwa mtumishi wa serikali na mtu wa kunyoosha suruali hata ya kulalia, hakuweza kuvumilia kuku juu ya pikipiki ya babake. Siku moja aliwafukuza, akatangaza kwamba kabla ya sherehe ya kuganduka, siku ile ya kuumaliza msiba, pikipiki itakuwa kama ilivyotoka kiwandani. Na siku hiyo, akasema, atampakia mama yake na kumpeleka misani, ili mjane aondoke kwenye huzuni akiwa juu ya pikipiki ya mumewe.

Mama yake huyo ndiye sisi watoto tuliyemwita Koko, kama walivyozoea watu waliotoka upande wa Congo. Nilikuwa nikilala naye chumba kimoja. Koko aliposikia ahadi ile alicheka kidogo, akafunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Tangu msiba sikuwa nimemwona akicheka. Usiku ule alifungua sanduku lake, akatoa kitenge kipya alichokuwa amekiweka kwa ajili ya kuganduka, akakikunja upya na kukirudisha. Aliitamani sana safari ile, na hakuificha hamu yake. Kila aliyekuja kumsalimia aliambiwa kwamba atakwenda misani kwa pikipiki.

Basi baba akaanza. Mwongozo wake ulikuwa picha moja ya babu akiwa amesimama kando ya pikipiki siku alipoileta nyumbani, picha isiyo na rangi, iliyokuwa imetundikwa sebuleni. Baba aliishusha ukutani akawa anatembea nayo mpaka uani. Alikuwa na neno moja tu: orijine, yaani ya kiwandani. Ukimwambia taa hii nayo inawaka vizuri, atasema si orijine. Mama yangu alilalamika kwamba vikombe vyake vimejaa skrubu, na kweli kuna asubuhi nilikunywa chai yenye ladha ya grisi. Baba akamjibu kwamba zile skrubu ni orijine. Mama akaenda kuazima vikombe kwa jirani.

Nilichokipenda mimi ni kuona rangi zikitoka. Chini ya kijani palikuwa na bluu ambayo hakuna aliyeikumbuka isipokuwa Koko, na chini ya bluu, baba alipokwangua polepole kwenye kona ya tangi, ukatokea wekundu uliokoza, na mstari mweupe mwembamba. Baba alipiga magoti pale chini na suruali yake iliyonyooshwa. Akapitisha kidole juu ya ule mstari. Nadhani alikuwa akilia, lakini dawa ile nayo ilikuwa inatoa machozi, kwa hiyo siwezi kuapa.

Vyuma vya babu vilifunguliwa au kukatwa, kimoja kimoja, vikarundikwa nyuma ya jiko vikimsubiri mnunuzi wa vyuma chakavu. Kati ya hivyo kulikuwa na kipande kipana kama ubao mfupi, chenye mifereji juu, kilichokuwa kimechomelewa upande wa kushoto, karibu na gurudumu la nyuma. Kesho yake nilikikuta chumbani, mbele ya kiti cha Koko. Alikuwa akichambua maharage, miguu yake yote miwili ikiwa imetulia juu ya kile chuma. Nilidhani anaogopa baridi ya sakafu. Tangu siku hiyo kila alipokaa, awe anachambua mboga au anasali rozari, aliweka miguu pale.

Siku ya kuganduka ikafika. Baba aliitoa pikipiki mbele ya nyumba, na nawaambieni ukweli, ilikuwa nzuri. Tangi jekundu, madigadi yanayong'aa mpaka unaona meno yako, kiti cheusi kipya, na juu ya tangi ule mstari mweupe aliouchora kwa mkono huku akizuia pumzi. Majirani walitoka. Baba alivaa koti na tai. Akaiwasha, ikaitika mara moja, akaizima tena ili amngoje mama yake kwa heshima.

Koko akatoka akiwa na libaya yake, ile blauzi ya kitenge, amejifunga kitenge kipya, na cha pili kimekunjwa begani. Watu wakapiga vigelegele. Alikwenda moja kwa moja upande wa kushoto bila kuonyeshwa, akashika kiti kwa mkono, akainua mguu kidogo, akatafuta. Mguu ukarudi chini. Akainua tena, akainama kuangalia.

"Sasa mi nitaweka miguu wapi?" aliuliza.

Baba akamwonyesha vikanyagio viwili vidogo, kimoja kushoto na kingine kulia. Koko alivitazama vyote viwili. Alikuwa mjane, mtu mzima, amevaa vitenge, anakwenda misani. Tangu aolewe alikuwa amepanda pikipiki ile kwa kukaa upande, magoti pamoja.

"Mama, ndiyo vile ilikuwaka," baba alisema kwa sauti ya chini, na akaitoa ile picha mfukoni. "Orijine."

Koko aliishika picha, akaitazama, akamrudishia.

"Wakati ile mi sikukuwako," alisema. "Na we ulikuwa wapi? Ile chuma baba yako aliiweka juu yangu, nipate pa kuweka miguu. Nilitoka nayo maternite, we mutoto muchanga, nimekubeba mu mikono."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwumiza baba zaidi. Koko alinishika mkono, akasema tutembee, tusichelewe misa. Tukaenda. Nilipogeuka nilimwona baba nyuma yetu, na koti lake na tai yake, akiisukuma ile pikipiki. Hakuthubutu kumpita mama yake, wala hakutaka kuiacha. Njia nzima watu walimuuliza kama imeharibika, naye kila mara akajibu kwamba ndiyo, imeharibika. Koko alikuwa anasikia. Karibu na kanisa alipunguza mwendo mpaka baba akatufikia, tukaingia uwanjani pamoja.

Jioni wageni walipoondoka, baba aligonga mlango wa chumba chetu akaomba kile chuma. Koko alikitoa chini ya miguu yake, akampa kwa sharti kwamba kisipakwe rangi. Fundi wa kuchomelea alinung'unika sana, maana ilibidi achome pale palipong'aa kuliko kwingine kote. Jumapili iliyofuata Koko alipanda, akakaa upande, mkono mmoja kiunoni mwa mwanawe, wakaondoka polepole sana. Nilikimbia nyuma yao mpaka mwisho wa mtaa. Uso wake haukuwa na tabasamu. Ulikuwa umetulia tu, kama mtu aliyefika kwake.

Leo Koko hayupo, na baba pia hayupo, na pikipiki iko kwangu, Carama. Kuna kijana anayependa pikipiki za zamani, huja kuitazama, na kila akija huniambia kwa adabu kwamba nikikitoa kile chuma chenye kutu itakuwa kamili, kama ilivyotoka kiwandani. Namkaribisha chai, ninabadilisha mazungumzo.

Ile picha nayo ninayo. Utotoni niliona pikipiki tu. Sasa namwona babu, kijana mwembamba mwenye furaha, mkono wake juu ya kiti kitupu, hajui bado nani atakikalia. Baba alihangaika mwaka mzima kuirudisha siku ile kwa sababu alimkosa babake, nami ninamwelewa, kwa kuwa sasa namkosa wangu. Lakini ndani ya siku ile Koko hakuwamo, wala baba mwenyewe, wala mimi.

Mara nyingi mume wangu anaponipakia huwa nimevaa suruali, nakaa kama wenzangu wa siku hizi. Siku nikivaa kitenge nakaa upande. Mguu unashuka wenyewe bila mimi kuangalia, unakikuta kile chuma, na mifereji yake imelainika kabisa pale visigino vya Koko vilipokuwa vinakaa.