Kilomita Nne za Kufika kwa Mama

Kama hamtaniamini, nendeni Masisi kwa Bahati, fundi wangu wa magari. Namba ninayotaka kuwasimulia bado iko kwenye mlango wa karakana yake, imeandikwa kwa makaa. Mimi ni mwanamke wa kanisa, nauza maziwa na jibini, sina muda wa kutunga mizimu. Lakini hili lilinipata mimi mwenyewe, tena mchana.

Papa aliniachia gari kuukuu alilolipenda kuliko sisi watoto wake. Kompteri, ile saa ya mbele ya usukani inayohesabu kilomita, ilikuwa imekufa siku nyingi. Alipofariki nikaapa nitaifufua. Bahati akanipatia nyingine, ya gari la aina ileile lililoanguka bondeni kwenye njia ya Nyamitaba. Dereva wake alikufa palepale, akazikwa Masisi, maana hakuna aliyejua kwao ni wapi.

Kompteri yenyewe ilikuwa nzima. Shida yangu ilikuwa namba. Nilitaka irudishwe isome pale papa alipoishia, ili niendelee kuhesabu juu ya zake. Nilikuwa bado namlilia, na nani hajawahi kufanya ujinga kwa ajili ya mzazi?

Bahati alisita, bisibisi mkononi. "Dada, acha na namba yake. Hii iko na safari yake."

"Safari ya mufu inanihusu nini? Weka ya papa."

Sikio la kufa halisikii dawa. Bahati akainakili kwanza namba ya marehemu mlangoni, kisha akaifungua kompteri na kuzungusha vigurudumu vyake mpaka namba ya papa ikatokea. Nilifurahi kama mtoto.

Kesho yake, saa kumi alasiri, nikawa napanda Nyamitaba kuchukua maziwa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Kwenye kona moja nikamwona mwanamume amesimama, koti limelowa chapachapa, na siku hiyo mvua haikuwa imenyesha. Nikampakia. Mlango wa upande ule hauna kitasa, huwa naufunga kwa kamba, mafundo mawili, na niliufunga mwenyewe alipokwisha kukaa.

Hakusalimia. Aliiangalia kompteri tu, muda mrefu, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha.

"Dada," akasema, "ile namba muliipeleka wapi?"

Nikabadili gia, macho barabarani. Wewe ungejibu nini?

"Nilikuwa nahesabia kwa ile namba. Ilibakia kilomita ine tu nifike kwa mama. Sasa mulifuta. Niko natembea tu, sijui tena inabakia ngapi."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Nikageuka kumtazama. Kiti kilikuwa kitupu. Kamba ilikuwa na mafundo yake mawili, na gari sikuwa nimelisimamisha.

Nilirudi Masisi bila maziwa. Nikamsimulia Bahati yote. Aliusoma mlango, akairudisha namba ya marehemu vilevile, na ya papa ikapotea mbele ya macho yangu. Nililia, sioni haya kusema.

Asubuhi tukapanda wote wawili. Bahati alikuwa ameuchomoa waya wa kompteri ili isihesabu njiani, na tulipofika pale gari la marehemu lilipoangukia bondeni, akauchomeka. Namba ya mwisho ikageuka mara moja, ya pili, ya tatu. Ilipogeuka mara ya nne, kompteri ikakwama.

Tulikuwa mbele ya uzio wa matete. Mama mmoja mzee alikuwa anakamua ng'ombe. Aliposikia gari akasimama, akatua ndoo.

"Hiyo sauti ya gari naijua," akasema. "Mutoto wangu njo amefika?"

Tukamwambia amezikwa wapi. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye nyasi, mikono bado ina maziwa, nasi tukakaa naye.

"Siku zote sikujua nimulilie ao nimungoje," akasema baadaye. "Leo nitamulilia."

Tangu siku ile kompteri haijasogea. Bahati alitaka kunitafutia nyingine, nikakataa. Na papa simhesabii tena kilomita. Yeye alishafika, tulimzika nyuma ya nyumba yake, sote tukiwepo.

Kwa hiyo wewe unayechukua kifaa cha gari lililokufa, usiulize tu kama ni kizima. Uliza pia lilikuwa linaenda kwa nani.