Wakili Wathome Mbele ya Wenzake

Wathome husema hakuna wakili aliyewahi kujitetea vibaya kama yeye, na husema hivyo kwa fahari kidogo, maana hata katika kushindwa anapenda kuwa wa kwanza.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja mtaani Mbotela, juu ya duka la unga, si mbali na mahakama za Makadara. Mwaka wa 1994 aliletewa barua: mteja wake Nafula, mjane aliyeuza mitumba soko la Gikomba, alikuwa amemshtaki kwa kamati ya nidhamu ya mawakili. Nafula alitaka mahakama imzuie shemeji yake kumfukuza kwenye nyumba ya marehemu mumewe. Siku kesi ilipoitwa, Wathome hakutokea, ikatupiliwa mbali. Wiki hiyo hiyo vyombo vya Nafula vikatolewa nje.

Sasa Wathome angeweza kusimamishwa kazi, au jina lake kufutwa kabisa katika orodha ya mawakili. Mwanasheria yeyote anajua la kufanya hapo: jibu mapema, sema ukweli, mtafute mwenzako akutetee. Wathome hakujibu barua ya kwanza wala ya pili. Ya tatu ilipofika akala kiapo kwa maandishi kwamba siku ile alikuwa kitandani, hoi kwa malaria. Mkewe Nzilani alikisoma kiapo hicho mara mbili.

“Baba Kavindu, malaria hii ulilala nayo nyumba gani?”

“Hiyo ni lugha ya kisheria,” akamjibu.

Kuhusu kumtafuta wakili, aliona hiyo ni dharau kwake mwenyewe. Aliandika maswali ishirini na mawili ya kumbana Nafula, akaenda mbele ya kamati akiwa na hakika kwamba wenzake watamwelewa, pengine hata wampe chai. Nyuma ya meza walikaa mawakili watatu. Mmoja alisoma naye chuo kikuu. Wathome alimtabasamia, yule akainamia karatasi zake.

Nafula alieleza taratibu, bila kumtukana mtu. Mwenyekiti akamgeukia Wathome. “Una maswali?”

Miaka kumi na miwili alikuwa akiwaonya mawakili wachanga wasiulize swali wasilojua jibu lake. Akasimama, akashika kola ya koti.

“Mama, unajuaje kwamba sikuwa mgonjwa?”

“Nilikusikia, wakili. Ulikuwa chumba cha pili, unamtetea mtu mwingine.”

Ilikuwa kweli. Alikuwa amesimama kwenye kesi hiyo badala ya wakili rafiki yake, akanogewa na sauti yake mwenyewe hadi akamsahau Nafula. Mtu mwenye akili angeketi hapo. Wathome akauliza la pili.

“Kama ulinisikia, mbona hukuja kuniita?”

Nafula alimtazama kwa haya, kana kwamba kosa lilikuwa lake yeye mama. “Ulikuwa unaongea vizuri sana. Niliona aibu kukukatiza. Nikamwambia hakimu wakili wangu yuko njiani.”

Yalibaki maswali ishirini. Wathome alikunja karatasi, akaomba kile kiapo chake kiondolewe, akasema kwamba alikuwa mzima na alisahau. Sauti yake, ile ile iliyomnogea, ilikuwa haisikiki vizuri hata mezani.

Walimsimamisha kazi mwaka mmoja. Nyumba ya Nafula haikurudi. Wathome husimulia habari hii yote akijicheka, lakini akifika kwa mama yule anayemwambia hakimu kwamba wakili yuko njiani, huacha kucheka.