Mama na Neno Moja Kilimani

Leo mama yangu kasimamisha sherehe ya kufungua kilima chetu kwa wageni huku Tabora!

Kijana mwongoza wageni alikuwa anatueleza vizuri tu: miamba, ndege, misafara ya zamani iliyopiga kambi pale chini.
Kisha akasema, "Enzi za Ujamaa, wakazi walihama hapa."

Mama akanyoosha mkono.
"Hatukuhama. Tulihamishwa. Hapo uliposimama palikuwa jikoni kwetu."

Kijana akacheka kidogo. "Shikamoo mama. Hilo ni neno tu."

"Marahaba. Kama ni neno tu, liseme."

Jamani! Mimi natafuta pa kujificha, mama kakaa juu ya jiwe katikati ya njia, hapiti mtu.

Kijana akasogeza kipaza sauti. "Walihamishwa."

Mama akainuka. "Haya mwanangu, turudi kwenye habari za ndege."

Kwenu je, walihama au walihamishwa?